Hitisinki nzito ya kopa kwenye leza ya mkononi inafanya kazi gani hasa?

Hitisinki ni kipande cha metali kinachopokea joto kutoka kwenye kifaa kidogo kinachoungua haraka, kwa leza ni dayodi, yaani kichipu kinachogeuza umeme kuwa mwanga. Hiyo ndo maana ya kawaida, ila kwenye leza ya kushika mkononi maana inabadilika kidogo na hapo ndo wengi wanapotea, wanadhani kopa ikiwa nzito basi inapooza sana. Haipoozi. Inachelewesha.

Chukua dayodi ya bluu inayotoa wati 5 za mwanga. Inaweza kula wati 15 za umeme, kwahiyo wati 10 zote ni joto, na linatoka kwenye kichipu kidogo kuliko punje ya mchele. (Wati 5 za leza siyo mchezo jamani, kuanzia nusu wati tu unaingia daraja la 4, lile la hatari kuliko yote, jicho linakwenda kabla hujapepesa, miwani ya leza inayokata rangi hiyohiyo ni lazima.) Joto lisipotoka pale haraka dayodi inaanza kula umeme uleule huku mwanga unapungua, rangi inahama kidogo, na maisha yake yanakuwa mafupi.

Sasa kipande cha kopa chenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 45, kabla hujakitoboa kina gramu kama 200. Kukipandisha nyuzi moja unahitaji jouli kama 77, kwahiyo kwa wati 10 kinapanda nyuzi moja kila sekunde 7 na kitu. Mtwara mwezi wa kumi na moja mchana unaanzia nyuzi 31, 32 hivi, mpaka kifike 60 ni dakika tatu na nusu, hapo tumejifanya hakuna joto linalotoka nje. Ni kama mtungi chini ya bomba, mkubwa unachelewa kujaa lakini usipoutoboa utajaa tu. Mapezi na bodi ya nje, pamoja na kiganja chako, ndo tundu la kutolea.

Kwanini isiwe alumini? Ukipima kwa kilo alumini inabeba joto zaidi ya mara mbili ya kopa, watu hawaamini hili ila ndo hivyo. Ila mkononi tatizo siyo uzito, tatizo ni nafasi, na kwa saizi ileile kopa inabeba kama asilimia 40 zaidi halafu inasafirisha joto haraka, karibu wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi wakati alumini safi ni kama 237 na aloi zake nyingi ziko chini ya hapo. Stenlesi ni 15 tu, hiyo sahau.

Kuikereza sasa. Mafundi wetu wa huku wamezoea shafti na bushi za mashine za kusaga, ukimpelekea kopa safi anaguna, kwasababu kopa ni laini lakini inanata kama gundi, inang'ang'ania ncha ya kisu, uzi wa mabaki yake hautaki kukatika unajizungusha kwenye chaki (kile kichwa cha mashine kinachoshika kopa), na drili ikikaribia kutokea upande wa pili inaweza kujivuta ghafla ikakwama. Dawa ni kisu kikali sana, kisichowahi kukata chuma tangu kinolewe, mafuta ya kutosha, na usiguseguse tu juu juu, kikate kweli. Kama unapata kopa yenye teluriamu kidogo chukua hiyo, inakatika vizuri na joto inapitisha karibu sawa. Na ukinunua kwa wa skrepa uliza imetoka wapi, usije ukakereza waya wa arthi wa watu.

Tundu la kuingizia moduli (kale kakopo kanakobeba dayodi), mara nyingi ya milimita 12, usimalizie kwa drili maana drili haiachi duara safi. Toboa dogo kwanza halafu malizia na kisu cha ndani, na usipime ikiwa ya moto: kopa ikipanda nyuzi 50 tundu la milimita 12 linapanuka kama sehemu moja ya mia ya milimita, ikipoa moduli haiingii. Hewa ikibaki katikati ni hasara tupu, inapitisha joto zaidi ya mara elfu kumi chini ya kopa. Pesti ya joto paka nyembamba sana, ni ya kujaza mikwaruzo, haizibi tundu lililolegea. Na skrubu moja ya ubavuni inaisukuma moduli upande mmoja tu, bora upasue kopa mstari mmoja kwa msumeno ibane mzunguko wote.

Ukiwasha ukaona mwanga unafifia huku bodi ya nje bado ya baridi, joto limekwama njiani, karibu na moduli. Angalia mbano na pesti kwanza, kuongeza uzito hapo ni kumaliza kopa bure.