Msimbo ukitaja sensa, usikimbilie dukani

Dhana inayowagharimu wenye malori ya dizeli kuliko zote ni kwamba mashine ya kupimia ikitaja sensa (kifaa kidogo kinachopima joto, shinikizo na mengineyo kwenye injini), sensa hiyo imekufa. Msimbo wa hitilafu unaosomwa na mashine hiyo hautaji kipuri cha kununua. Unataja kipimo kilichoitia shaka kompyuta ya injini. Kwenye malori yanayotumia J1939, mfumo wa mawasiliano kati ya kompyuta za lori, msimbo una sehemu mbili: SPN husema ni kipimo gani, FMI husema kina tatizo la aina gani. Wengi huishia kwenye SPN, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Chukua SPN 102, shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini. Ikija na FMI 3, volteji imezidi. Ikija na FMI 4, imeshuka mno. Anza na waya. Chomoa soketi, mulika pini kwa tochi: kutu ya kijani, mafuta yaliyopenya, pini iliyorudi nyuma. Fuata waya mpaka mahali unapochubuka kwa kusuguana na chuma. Sensa hii kwa kawaida hulishwa volti 5; pima kwanza kama zinaifikia.

SPN hiyohiyo ikija na FMI 18, habari ni nyingine kabisa. Umeme uko sawa, kipimo kinaeleweka, ila kiko chini. Mara nyingi sensa inasema kweli: hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imepasuka, klipu imelegea au turbo imechoka. Funga sensa mpya, nayo itasema yaleyale.

Wengine huamini kwamba taa ya onyo la injini isipowaka, sensa zote ni nzima. Sensa inaweza kudanganya ikiwa ndani ya mipaka, na kompyuta isishtuke. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, linganisha joto la maji na la hewa inayoingia. Yanapaswa kukaribiana, yakipishana sana, moja si la kuaminika.

Kufuta msimbo si kutengeneza. Unafuta pia kumbukumbu ya kasi ya mzunguko na mzigo wa injini wakati hitilafu ilipotokea, kwa hiyo iandike kwanza.

Na kuchomoa sensa ili lori "livute"? Kompyuta ikikosa kipimo hutumia makadirio ya tahadhari, na mara nyingi hupunguza dizeli, hivyo lori linazidi kuwa zito mlimani.