Saratani ya matiti na kazi ya kukarabati DNA

Kabla seli haijagawanyika, hunakili DNA yake yote, yaani maagizo ya urithi yenye takriban herufi bilioni 6 za kikemikali. Wanakili ni vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli) viitwavyo polimerasi. Vikiweka herufi isiyo yake, mara nyingi hurudi nyuma, vikaiondoa na kuweka iliyo sahihi, kwa hiyo makosa yanayopenya ni machache mno.

Hatari kubwa zaidi ni nyuzi zote mbili za DNA kukatika mahali pamoja. Hapo protini ya BRCA1 husaidia kuziandaa ncha zilizokatika. Kisha BRCA2 huleta kimeng'enya RAD51 na kukipanga juu ya uzi, nao uzi huo hutafuta nakala pacha iliyo nzima ili urudishiwe herufi zilizopotea. BRCA2 ikikosekana, RAD51 hakikai mahali pake. Seli huunga ncha kiholela, vipande hupotea au hurukia kromosomu (kifurushi cha DNA) nyingine, na hitilafu hizo zikilimbikizana kwenye seli ya titi, saratani hupata pa kuanzia.

Maagizo ya kuunda protini hizi yamo katika jeni zenye majina hayohayo, BRCA1 na BRCA2, na mtu hurithi nakala mbili za kila moja, ya baba na ya mama. Mwenye nakala moja mbovu huzaliwa mzima. Balaa huanza pale seli inapopoteza na ile nzima. Kati ya wanawake 10 waliorithi hitilafu hiyo, takriban 7 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Hata hivyo, saratani nyingi za matiti si za kurithi: za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Udhaifu huohuo umetupatia tiba. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA hutegemea mno kimeng'enya kingine kinachokarabati DNA, PARP. Dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti mwaka 2018, hukizuia. Mikatiko hurundikana, seli hiyo hufa, na seli zenye BRCA nzima hustahimili.

Jambo moja linanisumbua sana: wengi wetu bado tunaamini hitilafu hii hutoka kwa mama tu. Baba akiwa nayo, kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, hata kama baba mwenyewe hajawahi kuugua. Daktari akikuuliza habari za ukoo, usiishie kwa mama na mama wadogo. Mtaje shangazi, mtaje bibi mzaa baba, na useme waliugua wakiwa na umri gani.