Mjane Anayelia Hajapungukiwa na Imani

Katika misiba mingi ya Wakristo jijini Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, mjane aliyeketi mkekani huambiwa ajikaze, kwa kuwa machozi mengi, ati, ni dalili ya imani haba. Wasemao hivyo huwa na nia njema, na mara nyingi hutegemea Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 4:13, ambapo Paulo anawataka waamini wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Aya hiyo haikatazi huzuni. Inakataza huzuni isiyo na matumaini, na aya inayofuata inayajenga matumaini hayo juu ya kufa na kufufuka kwa Yesu, wala si juu ya uwezo wa mfiwa kuzuia machozi.

Ibrahimu, baba wa imani, alimlilia mkewe Sara (Mwanzo 23:2). Yesu naye alilia kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35), ilhali muda mfupi uliotangulia alikuwa amemwambia Martha kwamba ndugu yake atafufuka. Kujua mwisho wa jambo hakukumzuia kulia.

Wala arobaini si kikomo cha majonzi. Turubai likishakunjwa na wageni wakarudi Sengerema, mjane bado hujikuta akitenga sahani mbili za ugali na sato. Hapo ndipo aya ya 18 ya sura ile ya Wathesalonike, inayoagiza watu wafarijiane, inapowahusu majirani kuliko inavyomhusu yeye.