"Kanyagia kiasi" maana yake ni kilo ngapi?

Watu wengi wakivunjika muundi, ule mfupa mkubwa wa mbele chini ya goti, wakawekwa plasta ama vyuma, siku ya kutoka fisio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anawaambia "kanyagia kiasi" na wanaenda nyumbani bila kujua hiyo kiasi ni ngapi. Maana yake ni kwamba mguu uliovunjika unabeba sehemu tu ya uzito wako, zingine zinabebwa na mikono kwa magongo, na hiyo sehemu mara nyingi hutajwa kwa kilo. Ukiambiwa "usikanyage kabisa" hiyo ni amri ingine, usichanganye.

Ndugu yangu alianguka na boda hapa Kondele, akaambiwa kilo 20. Sasa kilo 20 mguu utazijuaje? Fisio akaleta mzani wa kusimamia, kama ule wa vijana wanaopima watu uzito kule tao, akamwekea mguu mbaya juu yake na mguu mzima kwa ubao wenye urefu sawa na mzani, magongo mkononi, akamwambia abonyeze pole pole hadi mshale ufike 20, ashike hapo, aachilie, arudie bila kuangalia chini. Mara ya kwanza alifika 8 akaapa hiyo ni 20, jasho inamtoka. Hiyo hofu naielewa kabisa.

Lakini mfupa unahitaji huo mzigo. Wiki za kwanza pale palipovunjika panashikwa na kitu laini ambacho bado si mfupa, kinakomaa na wakati, na uzito kidogo unausaidia mfupa kukomaa, ukikaa tu kigimbi kinakonda na kifundo kinakauka. Ukizidisha mapema nayo mfupa unaweza kupinda, hata vyuma huvunjika. Muundi mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 6, kwa hivyo kilo zinaongezwa daktari akishaona eksrei, hata kama jirani anasema mtu wake alitembea baada ya mwezi.

Kwa ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza magongo na ule mbaya. Na kigimbi kikifura kianze kuuma sana, ama kifua kiume na pumzi ikose, usingoje siku ya kliniki, nenda hosi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.