Kwa nini injini iliyotembea sana hulia tik-tik, na kwa nini valvu iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa?

Washa asubuhi Probox au IST yenye kilometa 280,000, fungua boneti, usikilize. Mara nyingi utakuta mlio mmoja mwembamba, mkavu, wenye mpangilio kama wa cherehani: tik-tik-tik. Ukikanyaga mafuta unaharakisha, ukiachia unapoa. Wenye magari wengine husikia hivyo wakadhani injini imekwisha. Wengine humimina oili nzito mpaka ikae kimya, wakajihesabu wamepona. Mlio huo mara nyingi una maana moja. Mahali fulani juu ya injini, vyuma viwili vilivyopaswa kuachana kwa unene wa karatasi mbili za daftari sasa vimeachana zaidi ya hapo, na kila kemshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) inapozunguka, kimoja kinampiga mwenzake badala ya kumsukuma taratibu.

Nafasi hiyo iliwekwa makusudi. Valvu, mlango mdogo unaoingiza hewa au kutoa moshi kwenye silinda, ni chuma, na chuma kikipata moto hurefuka. Kichwa cha valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, kinaweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi na kupita, huku ile ya kuingiza hewa ikipozwa na mchanganyiko mbichi unaopita juu yake. Kusipokuwa na uwazi injini ikiwa ya baridi, valvu ikishapata moto itakosa pa kurefukia, itabaki imesimama wazi kidogo, na moto wa silinda utapenya. Ndiyo sababu uwazi wa ekzosi huwa mkubwa kuliko wa kuingiza. Kwenye 1NZ-FE, injini ya 1.5 iliyojaa barabara za Afrika Mashariki ndani ya Probox, Fielder, Spacio na ndugu zao, kipimo cha kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25, na cha ekzosi ni 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa baridi kabisa. Land Cruiser yenye 1HZ ya dizeli huenda 0.15 hadi 0.25 na 0.35 hadi 0.45.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, hesabu mlio. Kemshafti huzunguka mara moja kila kranki shafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ya mizunguko 700 kwa dakika, valvu moja hufunguka mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara 6 kwa sekunde. Metali (beringi) ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikilika hugonga kwa mwendo wa kranki, karibu mara 12 kwa sekunde, tena kwa sauti nzito inayotoka chini na kuongezeka injini ikibebeshwa mzigo. Rekodi kwa simu, cheza polepole, hesabu sekunde 10 halisi za mlio: ukipata mapigo 58 hivi, uko juu kwenye valvu, ukipata 116 na sauti ni nzito, zima gari na ulivute kwa kamba. Zikilegea valvu za silinda mbili mapigo huongezeka, kwa hiyo hesabu haitoshi peke yake. Sikiliza pia mahali. Bisibisi ndefu ncha ikiwa juu ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya valvu) na mpini sikioni huonyesha silinda inayolia vizuri sana, mradi nguo na mikono vikae mbali na mkanda unaozunguka.

Kuna milio inayofanana na wa tapeti, kipande kilicho kati ya nundu ya kemshafti na valvu, na haina uhusiano nayo. Nozeli za petroli hutoa tik nyepesi, ya haraka, na ni kazi yake. Weka bisibisi juu ya nozeli yenyewe utaisikia wazi. Plagi iliyofungwa bila kukazwa hutoa "tsi-tsi" na huacha alama ya moshi kwenye shimo lake. Mjanja kuliko zote ni manifoldi ya ekzosi iliyopasuka au gasketi yake iliyoungua: hulia vikali asubuhi, kisha chuma kikipata moto na kutanuka, ufa unajiziba na mlio unafifia. Injini nyingi zimefunguliwa kichwa bure kwa sababu hiyo. Tafuta masizi meusi kwenye kiungio. Tapeti za kawaida zilizolegea, kwa upande wake, kwa kawaida husikika zaidi injini ikiwa baridi na kupungua kiasi ikipata moto, lakini hazipotei kabisa. Na mkwaruzo wa sekunde moja au mbili mara tu unapowasha, ukitokea upande wa puli, uelekeze macho kwenye cheni ya taimingi na tensheni yake.

Hatua ya kwanza yenye faida ni oili, kwa sababu ni rahisi na huharibiwa zaidi ya kitu kingine chochote. 1NZ-FE hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Lita moja ikipungua, ni zaidi ya robo ya oili yote. Kwenye kona pampu huvuta hewa, na oili yenye mapovu haibebi uzito. Ikizidi kupita alama ya juu ya kijiti, kranki inaipiga na kuifanya povu vilevile. Injini hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, injini iliyochoka inaweza kuvumilia 10W-30 au 10W-40. Oili ya 20W-50 au ile SAE 40 ya dumu huzima mlio kwa kujaza nafasi kama godoro, lakini asubuhi huchelewa kupanda kichwani, na sekunde hizo za ukavu ndizo zinazokula nundu za kemshafti. Mfumo wa VVT-i, unaobadili muda wa valvu kufunguka, nao unategemea oili ipite kwenye vijitundu vidogo na chujio lake dogo. Oili nzito au chafu huuvuruga. Mlio umenyamaza, ulikaji umeongezeka.

Filta nayo ina siri. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kwenye filta za bei ya kutupa mpira huo hukakamaa mapema, na kila asubuhi injini hulia sekunde kadhaa mpaka oili ipande upya. Ukibadilisha filta kwa nyingine nzuri na mlio wa asubuhi ukaisha, umemaliza kazi kwa gharama ndogo kuliko zote.

Ukikuta masizi meusi kama lami chini ya mfuniko wa oili, jizuie kuyaosha kwa kishindo. Wapo wanaomimina dizeli kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuiacha injini ingurume dakika kumi. Kinachotokea ni kwamba mabonge hubanduka kwa pamoja, hushuka, huziba chujio la kuvutia oili ndani ya sampu, na taa ya oili huwaka siku mbili baadaye. Badilisha oili na filta kila baada ya kilometa 1,000 hadi 1,500, mara tatu mfululizo, kwa oili ya kawaida yenye ubora. Uchafu uliochukua miaka kujengeka uachwe utoke polepole. Kila unapotoa filta, ipasue na utandaze karatasi yake: vumbi linalovutwa na sumaku ni chuma cha kemshafti, tapeti au cheni; vipande vinavyong'aa visivyovutwa na sumaku mara nyingi ni metali za kranki, na hapo suala si valvu tena.

Baadhi ya injini hazina uwazi wa kupima. 1TR na 2TR za Hiace na Hilux zina virekebishaji vya oili: pistoni ndogo yenye gololi inayojaa oili na kujaza nafasi yenyewe. Hizi zikilia sekunde mbili tatu baada ya gari kukaa siku kadhaa si ugonjwa. Zikiendelea kulia injini ikiwa na moto, kagua kiwango cha oili, filta, kisha msukumo wa oili kwa geji ya kweli. Ndipo utoe kirekebishaji. Ukikibonyeza kwa kidole kikabonyea kama sifongo, kina hewa au gololi yake haishiki. Kibonyeze na kukiachia mara nyingi ndani ya chombo cha oili safi mpaka mapovu yaishe. Kikigoma kuwa kigumu, kibadilishwe.

Turudi kwenye 1NZ, ambako tapeti ni kikombe cha chuma kinachofunika springi na ncha ya valvu, na nundu ya kemshafti hukisugua moja kwa moja. Hakuna skrubu ya kukaza. Ukitaka kubadili uwazi, unabadili kikombe kwa kingine chenye unene tofauti. Viko vya saizi 35, kuanzia milimita 5.060 hadi 5.740, vikipishana 0.020.

Gari lilale usiku mzima; kupima injini yenye vuguvugu ni kujidanganya. Chomoa betri, koili nne, mipira ya upumuaji, kisha tapeti kava kwa soketi namba 10. Toa plagi zote ili kranki izunguke kwa mkono. Izungushe kwa upande wa saa ukiitazama kutoka kwenye puli, mpaka alama ya puli ilingane na 0 na nundu za silinda ya kwanza ziwe zimeangalia mbali na vikombe vyake. Hapo pima kuingiza kwa silinda ya 1 na 2, na ekzosi ya 1 na 3. Zungusha kranki duru moja kamili, upime kuingiza ya 3 na 4, na ekzosi ya 2 na 4. Valvu 16, namba 16, zote ziandikwe. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia uwazi) ipite kwa kukwaruza kidogo kama kisu kwenye siagi ngumu. Ikipita bure ongeza unene, ikihitaji kusukumwa punguza.

Angalia pia uso wa kikombe na nundu. Ukikuta vishimo au mfereji, fila geji itakaa juu ya mfereji kama daraja na kukupa namba ndogo kuliko ukweli. Hilo huwapata sana wanaoseti injini za skrubu na roka (mikono midogo inayobonyeza valvu), ambazo ncha zake hulika zikawa na kidimbwi: wanaseti kwa kipimo sahihi, mlio unabaki palepale, wanalaumu oili.

Hesabu ya kikombe kipya ni nyepesi: chukua unene wa kile cha zamani, ongeza uwazi uliopima, toa 0.20 kwa kuingiza au 0.30 kwa ekzosi. Kikombe cha ekzosi chenye 5.260 kilichosoma uwazi wa 0.42 kinataka kingine cha 5.380. Pima kwa maikromita katikati, usiamini namba iliyochapwa mgongoni pekee, maana kimelika. Na kabla ya kununua vinane, panga namba zako zote mezani: mara nyingi kikombe kilicho kinene mno kwa valvu moja kinaifaa nyingine, na unaishia kununua viwili au vitatu. Kitu kisichokubalika ni kusaga ncha ya valvu au uso wa kikombe kwa jiwe. Ugumu wa chuma hicho uko juujuu. Ukiuondoa, kitalika upya ndani ya muda mfupi.

Kubadili vikombe kunalazimu kemshafti zitoke, na hapa ndipo kazi huharibika. Weka alama ya rangi kwenye cheni na giya zote kabla ya kulegeza, na funga cheni kwa waya isitumbukie. Vifuniko vya kemshafti vina namba na mshale. Kila kimoja kirudi mahali pake, kilegezwe na kukazwa kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo shafti hupinda au hukatika. Kabla ya kuwasha, zungusha kranki kwa mkono duru mbili kamili. Ikigota popote, simama. Tapeti kava hutaka gasketi mpya na mkazo wa Nm 10 tu. Wanaoikaza kwa nguvu za bega huikunja, na oili hushukia kwenye visima vya plagi.

Sasa valvu iliyonyamaza. Nundu na kikombe vikilika, uwazi huongezeka na injini hulia. Lakini valvu nayo hujigonga kwenye kiti chake mamilioni ya mara, na kiti kikilika valvu huzama juu zaidi ndani ya hedi (kichwa cha injini), ncha yake husogea kuelekea kemshafti, na uwazi hupungua kimya kimya. Ukifika sifuri, ekzosi haifungi vizuri ikiwa na moto, na joto lake halipati njia ya kuhamia kwenye kiti. Ukingo wa valvu huungua. Hakuna tik yoyote ya kukuonya. Gari linaanza tu kumisi (kuruka mapigo) kwenye sailensa likishapata moto, na kuwaka kwa shida.

Hili linayahusu hasa magari yaliyofungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo Dar es Salaam yanaongezeka. Gesi huingia kavu, na haiachi utando unaolainisha mguso wa valvu na kiti kama petroli. Gari la petroli linaweza kwenda mbali bila kupimwa. Teksi ya gesi ipimwe mapema, kila kilometa 20,000 hivi mpaka ujue kasi ya ulikaji wake. Ekzosi ikisoma 0.38 na inalia, unaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Ikisoma 0.12 na iko kimya, usilirudishe gari barabarani. Pima kwanza mgandamizo wa silinda: 1NZ nzima hutoa takriban PSI 213, kikomo cha chini ni 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Namba zikiwa sawa, umewahi. Kikombe chembamba kinatosha. Silinda moja ikiwa imeshuka peke yake, na ukiitia kijiko cha oili namba haipandi, valvu imekwisha kuungua na hedi inashuka.