Bodi ya Afya ya Halmashauri na kazi ya kuamua kipi kitangulie

Wananchi wengi wa Tanzania wanamjua Mganga Mkuu wa Wilaya na wanamjua diwani wa kata yao, lakini ni wachache wanaojua kwamba kati ya wawili hao kipo chombo kinachoitwa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Kwa kuwa kazi yangu ni mipango ya afya, nimeketi na bodi hizi mara nyingi, na ninaamini kuwa zahanati ya kijijini hupata au hukosa mengi kutegemea namna wajumbe wake wanavyousoma mpango uliowekwa mezani.

Bodi huundwa na halmashauri kwa mamlaka ya sheria za serikali za mitaa za 1982. Wamo wawakilishi wa watumiaji wa huduma, wawakilishi wa vituo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, pamoja na mjumbe kutoka kamati ya madiwani inayosimamia afya, huku Mganga Mkuu akiwa katibu. Timu yake ya uendeshaji ndiyo inayoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Bodi huuchambua, kisha unakwenda Baraza la Madiwani, mkoani na TAMISEMI.

Kabla bodi haijasema neno, sehemu kubwa ya fedha huwa imekwisha kuamuliwa. Mishahara hulipwa na Serikali Kuu, ukomo wa bajeti hutoka juu, na fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huja na masharti yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, tena, fedha za mfuko huo zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, ambako Kamati ya Usimamizi wa Kituo ndiyo inayopanga matumizi. Wapo wanaosema kuwa bodi imebaki bila kazi. Sikubaliani nao. Kamati ya zahanati moja inaona kijiji chake tu. Bodi ndiyo inayoweza kutandaza mipango ya vituo vyote pamoja na kuuliza kwa nini kata yenye wajawazito wengi ina mkunga mmoja.

Swali la namna hiyo lilikwisha kuonyesha nguvu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP (Mradi wa Huduma Muhimu za Afya Tanzania) ulizisaidia wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kulinganisha bajeti na magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu wake. Morogoro, malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa maradhi na vifo, ilhali katika bajeti ya afya ya 1996 ilitengewa takriban asilimia 5. Timu za wilaya zikahamishia nguvu kwenye vyandarua vyenye dawa na matibabu ya pamoja ya magonjwa ya watoto, zikiongezewa fedha kidogo tu kwa kila mkazi, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Siwezi kusema kuwa bajeti peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, lakini wilaya zilikuwa zimeanza kuweka fedha palipokuwa na vifo.

Kinachovuta upande mwingine, mara nyingi, ni maboma, yaani majengo ya zahanati yasiyokamilika. Wananchi wamechanga, wamefyatua matofali, wameinua kuta hadi kwenye lenta, na diwani wao ana haki kabisa ya kudai kuwa jengo lipauliwe. Hata hivyo, mjumbe anayefungua kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya), kile cha wodi ya wazazi, anaweza kukuta kuwa zahanati jirani, yenye paa na milango, huzalisha akina mama wachache mno kwa sababu muuguzi wake yuko peke yake na usiku hakuna taa. Hapo bodi inapaswa kusema waziwazi kuwa boma lisubiri mwaka mmoja ili taa za sola na nyumba ya mtumishi vitangulie, na kuandika sababu hiyo kwenye muhtasari wa kikao, ili diwani awe na la kuwaeleza wapiga kura wake. Kipaumbele kisichotaja kilichoachwa bado ni orodha ya matamanio.

Udhaifu unaonisumbua zaidi ni wa ratiba. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini rasimu ya mpango mara nyingi huifikia bodi wakati siku za kuiwasilisha zimekaribia kuisha, na wajumbe hupewa kurasa nyingi za majedwali wazipitie kwa kikao kimoja. Ninashauri bodi ikae mara tu mipango ya vituo inapokusanywa, hata kama ukomo wa bajeti haujatangazwa, na iwekewe mbele ukurasa mmoja unaopanga magonjwa yanayoongoza kwa vifo sambamba na fedha zilizotengwa kwa kila moja. Ikifanyika hivyo, hoja za wajumbe zitaweza kurudi kwenye kamati za vituo na kujibiwa kabla mpango haujafika kwa madiwani.