Kikombe cha Loliondo: kwa nini watu huamini, na dini zina kazi gani

Mwaka 2011 foleni ya magari ilijipanga kilomita nyingi porini kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Kila mtu alitaka kikombe kimoja cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile, bei shilingi 500. Ilikuwa mizizi ya mti wa mugariga iliyochemshwa, na Babu alisema Mungu alimwonyesha ndotoni kwamba inaponya kisukari, UKIMWI, saratani na mengineyo. Walikwenda Wakristo na Waislamu, wakulima na mawaziri, na wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao. Wengine walifia njiani.

Wanafunzi wangu wa sosholojia ya dini hulimaliza jambo hili kwa kusema ni ujinga. Huwa nawakatalia. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, alipoishi Visiwa vya Trobriand katika Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona wavuvi wakivua kwenye maji tulivu ya ndani ya mwamba bila uganga wowote. Wakienda bahari kuu, penye hatari, hawaondoki bila uganga. Ufundi waliujua vizuri. Uganga waliuanzia pale ufundi wao ulipokoma. Mwenye kisukari naye anajua atameza vidonge maisha yake yote. Daktari amemwambia ukweli, lakini ukweli huo haumpi la kutumaini.

Shida peke yake, hata hivyo, haielezi kwa nini waende kwa huyu. Waganga wenye mizizi wamejaa Tanzania. Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na askofu wa dayosisi yake alimuunga mkono hadharani. Watu walichukua imani waliyokuwa nayo kwa kanisa, lenye shule na hospitali zilizowahudumia wazazi wao, wakaiweka kwenye kikombe. Hata ile 500 iliwaambia kitu: huyu mzee hatafuti utajiri.

Kwa hiyo nikiulizwa kama dini zenye mfumo bado zina maana, sianzi na idadi ya waumini. (Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967; anayekutajia asilimia kamili, mwulize amezitoa wapi.) Najua jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na vikundi vya msikitini vinavyobeba misiba na wagonjwa, na hilo hata asiyeamini halibishi. Swali langu zito ni hili: yupo anayeweza kumwambia mhubiri "hapana"?

Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ilifukuliwa, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Kanisa lile lilikuwa la mtu aliyelianzisha mwenyewe, bila sinodi wala askofu juu yake. Lakini tusizisifu ngazi za uongozi kupita kiasi. Kanisa Katoliki lilikuwa nazo zote, na katika nchi nyingi zilitumika kuwaficha mapadri waliodhulumu watoto. Na Loliondo, aliyekuwa na mamlaka ya kusema "subiri kwanza" ndiye aliyebariki.

Baada ya Shakahola serikali ya Kenya iliunda jopo la kupendekeza sheria za kusimamia makanisa. Usajili utatuonyesha ofisi iko wapi na akaunti ya benki ni ya nani. Kumweka mhubiri kikao na kumwambia ndoto yake ipimwe kwanza ni kazi ya wachungaji wenzake, na wengi wao wanaogopa kuonekana wamepungukiwa imani.